Mwalimu Aliyepima kwa Salamu

Mwalimu wetu wa sarakasi hakuwa na saa. Alipima kwa salamu.

Ukiwa umelala chali sakafuni, miguu na mabega vimeinuka, tumbo limekaza, alikuja akasimama karibu na kichwa chako, akaanza kama mtu aliyekukuta njiani na hana haraka. "Hujambo?" Unajibu. "Habari za nyumbani?" Unajibu. "Mama hajambo?" Unajibu. Salamu ikiisha na wewe hujashuka, umepita. Ukishuka kabla, umeshindwa. Ukikaa mpaka mwisho lakini ukajibu kwa sauti iliyokwama, au ukaruka swali moja, umeshindwa vilevile, hata kama mwili haukusogea.

"Anayeshindwa kuongea hajashika, amejifunga," alisema. "Pumzi ukiifungia ndani, mwili unakudanganya. Unadhani ni tumbo limebeba, kumbe ni hewa. Hewa ikitoka, chini."

Mtu akianza kuwa mwekundu macho kwa kubana pumzi, Mwalimu aliinama akampigia kelele sikioni: "Pumua, wewe! Kila kitu kimepanda bei, hewa bado!"

Salamu zilikuwa tatu. Ya mjini ilikuwa fupi, maswali manne, ya watu wanaopishana sokoni. Ya njiani ilikuwa na maswali saba. Ya kijijini ndiyo iliyotisha. Hiyo iliingia mpaka ndani ya nyumba, ikauliza wazee, mvua, pamba, ng'ombe, wagonjwa, wageni, na mmelalaje. Na haikuishia hapo. Kwenye salamu ya kijijini anayeshika ndiye aliyetakiwa kumrudishia Mwalimu swali: na wewe je, kwako hawajambo? Mwalimu naye ajibu. Ndipo ushuke.

Kwangu mimi hii ilikuwa adhabu. Nilimaliza darasa la saba bila kunyoosha kidole hata mara moja, na siyo kwamba majibu sikuyajua. Watu wakinitazama, sauti inarudi ndani. Kushika niliweza. Ukiniacha nikae kimya, niliweza kushika mpaka wenzangu wawili wapokezane. Lakini akishafika tu kichwani pangu na kuniuliza hujambo, koo lilifunga, kisha kifua, kisha kila kitu kikashuka chini kama gunia.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyeitwa Shija, mrefu, mwenye maneno. Alikuwa akiwaambia wageni waliokuja kututazama, "Huyu ukitaka kumwangusha usimsukume. Mwulize tu hujambo."

Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Mahali petu palikuwa ukumbi wa kiwanda cha mafuta ya pamba. Zamani kiwanda kilikuwa cha umma, na kila kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, kwaya na kikundi cha ngoma. Chetu kilikuwa pia na sarakasi. Mwalimu aliajiriwa idara ya mitambo, lakini alasiri alikuwa wa ukumbini. Alitoa vijana wa halaiki za sherehe za taifa kwa miaka mingi. Mimi nilipofika, mambo yale yalikuwa yanakwisha. Wakati wa ruksa, wa biashara huria, ulikuwa umeshaingia, mitumba imejaa mjini, viwanda vya minofu ya sangara vinachipuka ufukweni, na kiwanda chetu kilikuwa kimesimamisha mashine mbili kati ya tatu. Mwalimu alikuwa kwenye orodha ya kwanza ya waliopunguzwa. Alichukua barua yake, akaiweka mfukoni, na alasiri ileile akaja ukumbini akafungua madirisha kama kawaida. Hakuna aliyemkataza. Mlinzi alimjua, na ufunguo alikuwa nao.

Alikozaliwa na ukoo wake sikuwahi kumwuliza. Nilijua kwamba alikaa chumba kimoja nyuma ya kiwanda, mkewe alishafariki, na binti yake aliolewa ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Sarakasi alisema alijifunza kwa wataalamu wa Kichina waliokuja zamani. Kupima kwa salamu hakujifunza kwao. "Wao walihesabu moja mpaka mia," alisema. "Sasa mia ni nini? Ukimaliza mia umemjua nani?"

Alikuwa mfupi, kifua kipana, masikio makubwa. Alivaa kaptura ya kaki iliyofuliwa mpaka ikawa nyeupe na raba nyeusi bila soksi. Mikono aliipaka majivu ya jikoni ili isiteleze, na majivu hayo aliyaleta mwenyewe kila siku ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alitukataza kula saa mbili kabla ya mazoezi. Yeye alikuja na viazi vitamu vya kuchemsha mfukoni, akala huku anatusahihisha, na maganda akayarudisha mfukoni. Alitukataza kujisifu. Lakini ukutani, juu ya rafu ya taulo, alikuwa ametundika picha yake mwenyewe ya ujana, yuko uwanjani, ameshika nguzo kwa mikono miwili na mwili wote umelala hewani. Kila akifika alifuta vumbi kwenye kioo cha picha hiyo kwanza, sakafu baadaye.

Kila hatua aliipa jina lake, kwa hiyo hakuna aliyepotea.

Ya kwanza ilikuwa mtumbwi. Unalala chali, mikono umeinyoosha nyuma ya masikio, miguu imeungana, unainua mabega na visigino kidogo tu, mwili unapinda kama mtumbwi uliotiwa majini. Kazi yote iko mgongoni. Kiuno lazima kigande sakafuni. Mwalimu alikuwa na kipande cha kanga kuukuu, akikitandika chini ya kiuno chako kabla hujaanza. Katikati ya salamu alikivuta. Kikitoka, hujafika. Kikigoma, vizuri. "Kunja kiuno kama mbwa aliyekemewa," alisema, nasi tukafanya, kwa sababu wote tulishamwona mbwa aliyekemewa.

Ya pili, kiti. Unaweka viganja juu ya matofali mawili, unanyoosha viwiko, unainua makalio, miguu inakaa mbele yako bila kugusa chini. Hapa alikuwa na ngazi ndani ya ngazi. Kwanza magoti yamekunjwa kifuani. Kisha mguu mmoja umenyooka. Kisha yote miwili. Kisha unaondoa tofali moja moja mpaka viganja viko sakafuni. Ya tatu, chura, magoti juu ya viwiko na uzito wote mikononi. Ya nne aliita kitanda: unaning'inia kwenye chuma na mwili unalala chali juu ya hewa, uso unatazama dari. Ya mwisho ilikuwa bendera, ile ya kwenye picha. Mkono wa chini unasukuma nguzo, wa juu unavuta, na wewe unakaa ubavu hewani kama kitambaa chenye upepo.

Kila hatua ilianza na salamu ya mjini, ikaja ya njiani, ikaja ya kijijini. Hakumruhusu mtu kuruka. Wiki nzima ungeweza kukaa kwenye tofali moja. Na kila baada ya siku mbili, siku ya tatu hatukushika kitu, tulifagia na kupasha moto vifundo vya mikono. Wasiojua walidhani tumeajiriwa usafi.

Nakumbuka siku moja bibi mmoja alipita dirishani na kapu lake akamwona Kabula akiwa kwenye kiti. Kabula alikuwa binti pekee kati yetu, mdogo wa umbo na mgumu kama msumari. Bibi akasimama. Kabula, ambaye alikuwa katikati ya salamu ya njiani, akamwamkia palepale hewani: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani kakufanyia hivi?"

"Mwalimu."

Bibi akamgeukia Mwalimu. "Baba, mtoto kakosa nini?"

"Hajakosa, mama. Anasalimia."

"Mbona hamkai chini mkasalimiana?"

Mwalimu alifikiri sana juu ya swali lile. Kisha akasema, "Chini kila mtu anaweza." Bibi akaondoka akitikisa kichwa, na Kabula akapewa hatua inayofuata, kwa sababu alimwamkia mzee bila kushuka.

Mara nyingine walikuja watu wa kampuni ya soda iliyokuwa inajitangaza. Walitaka tusimame juu ya lori sokoni, tumevaa fulana zao, tukipangana juu ya mabega. Walikuwa na haraka, Jumamosi ileile. Baadhi yetu tulikuwa na miezi minane tu. Shija alikuwa ameshaigusa fulana moja.

"Hawa bado," Mwalimu alisema.

"Mzee, ni kusimama tu. Tutawapa sare."

"Sare haimshiki mtu juu."

"Basi wachache. Wanaoweza."

"Anayeweza ni mmoja, na yuko chooni."

Wakaondoka na fulana zao. Shija hakumsemesha Mwalimu siku mbili. Lakini mwaka uliofuata Shija alipita bendera kwa salamu ya kijijini bila kutetemeka hata kidogo, akipiga na utani juu yake, kwamba ng'ombe hawajambo ila dume linaoa mke wa pili. Mwezi mmoja baadaye alikuwa Mombasa, kwenye kundi lililocheza hotelini. Mkuu wa kundi hilo alimwandikia Mwalimu kwamba mtu yeyote atakayeletwa na karatasi yake atapokelewa bila kujaribiwa, na asiye na karatasi hiyo asijisumbue na nauli.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kupita bendera kulikuwa kuondoka. Alipita Shija, akaenda. Wakapita ndugu wawili wa Igogo, wakaenda. Akapita kijana wa Nyegezi, akaenda. Siku ya kuondoka kwa mtu Mwalimu hakumsindikiza kituoni. Alimpa karatasi, akampa mkono, akarudi ndani akapanga matofali ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Mimi nilibaki. Mwaka wa pili nilikuwa kwenye kiti. Mwaka wa tatu nilikuwa kwenye kitanda, naning'inia kimya, naweza kuhesabu misumari ya dari yote, na akija kuniuliza hujambo nadondoka. Wapya walinipita. Mwalimu hakunikaripia. Alisema tu, "Rudi kwenye mtumbwi, tuanze na hujambo." Niliporudi kwenye mtumbwi, kati ya watoto wa juzi, nilifunga macho.

Nyumbani nilikuwa na mama peke yake. Aliuza dagaa Kirumba. Siku moja aliniona nyuma ya jiko niko juu ya matofali mawili, midomo inatikisika, sauti haitoki.

"Unasali?"

Nikashuka, nikamweleza. Ilinichukua muda kumweleza hata yeye. Akaweka mwiko chini.

"Panda tena. Mimi nitakusalimia."

Tangu siku hiyo, kila jioni akisonga ugali aliniuliza maswali yote ya kijijini. Alianza taratibu.

"Ng'ombe hawajambo?"

"Mama, hatuna ng'ombe."

"Nimeambiwa niulize. Hawajambo?"

"Hawajambo."

"Sema kwa nguvu, ng'ombe wa watu hao."

Nikaanza kupumua. Sijui ilikuwa siku gani. Niligundua tu kwamba mama amefika kwenye wagonjwa na mimi bado niko juu na ninamjibu, na tumbo limekaza pale lilipo huku hewa inaingia na kutoka kama kitu kisichohusika. Baada ya hapo nilipanda haraka. Kitanda kwa salamu ya mjini, ya njiani, ya kijijini. Mwalimu alipofika kwenye swali la mwisho na mimi nikamrudishia, alinitazama kwa chini pale nilipokuwa nimening'inia, akasema, "Kumbe una sauti nzuri." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia akimpa mtu.

Wakati huo tulikuwa tumebaki watatu: mimi, Kabula na Mwalimu mwenyewe. Kiwanda kilikuwa kimepata mnunuzi. Kabla hajaja mnunuzi mwenyewe alikuja kijana mmoja na utepe wa kupimia. Alitukuta kwenye mazoezi, akaomba radhi, akaanza kupima sakafu. Alipima kwa kutuzunguka. Alipofika kwa Kabula aliyekuwa kwenye mtumbwi, akasema, "Samahani dada, naomba usogee kidogo."

"Siwezi. Niko kwenye mvua."

Kijana akamtazama Mwalimu. Mwalimu hakumtazama. "Pamba nayo?" akamwuliza Kabula.

"Imechanua vizuri."

Kijana akaruka miguu ya Kabula, akaandika namba yake kwenye daftari, akaendelea. Alipotoka, Mwalimu alikwenda akasimama pale utepe ulipopita. Nilitaka kumwambia neno, lakini neno lenyewe sikuwa nalo, na ukumbi haukuwa wangu wala wake.

Ikaja barua ya Shija. Kundi lao lilihitaji mtu mmoja wa bendera, afike kabla mwezi haujaisha. Aliniandikia mimi, kwa herufi kubwa kubwa, kwamba amewaambia kuna bubu mmoja Mwanza ana tumbo la chuma, na kama bubu ameshajifunza kuongea, aje na karatasi ya Mwalimu. Nikampelekea Mwalimu barua. Akaisoma mara mbili.

"Jumamosi," alisema.

Mama alinifulia kaptura siku mbili mfululizo. Alikwishawaambia wanawake wa dagaa. Nilimwomba asiseme, akasema hajasema, ila wameuliza.

Jumamosi asubuhi nilipaka majivu. Nguzo tuliyotumia ilikuwa ya chuma, ya barazani, upande wa ziwa. Kabula aliketi kwenye ngazi, amekumbatia magoti. Nikashika, mkono wa chini ukasukuma, wa juu ukavuta, nikatoa miguu ardhini. Nikakaa.

Mwalimu akaja karibu na kichwa changu.

"Hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Wazee hawajambo?"

"Hawajambo, wanaota jua."

"Mvua?"

"Imenyesha juzi, imetosha."

"Pamba?"

"Imechanua."

"Ng'ombe?"

"Hawajambo. Wananenepa."

Kabula akacheka kidogo, akajiziba mdomo. Mimi nilikuwa nasikia ubavu unawaka, lakini ulikuwa unawaka mahali pake.

"Wagonjwa?"

"Wanaendelea vizuri."

"Wageni?"

"Wamefika, wamekaribishwa."

"Mmelalaje?"

"Salama, Mwalimu. Na wewe je? Kwako hawajambo?"

Hapo alitakiwa kujibu, nami nishuke. Hakujibu. Nilimwona kwa pembeni, miguu yake tu, raba nyeusi. Nikashikilia. Nikapumua. Nikadhani amesahau, na sikuthubutu kumkumbusha, kwa hiyo niliendelea kushikilia, mpaka Kabula akasema, "Mwalimu, kakuuliza."

"Hawajambo," Mwalimu akasema.

Nikashuka. Nikafuta majivu viganjani. Kabula alikuwa ameshainuka. "Amepita!"

"Hajapita," Mwalimu alisema. Alikuwa anafunga kopo la majivu. "Sauti imetetemeka kwenye wagonjwa."

"Mwalimu, mimi sikusikia."

"Una masikio ya juzi, wewe."

"Mwalimu, mimi nilikuwa hapa!"

"Nimesema imetetemeka. Arudi kwenye kiti mwezi mmoja, kisha tutaona."

Kabula akanigeukia. "Sema kitu! Si wewe uliyekuwa juu? Ilitetemeka?"

Walinitazama wote wawili. Niliijaribu sauti ile kichwani, nikaisikia tena ikisema wanaendelea vizuri, na kadiri nilivyoisikiliza ndivyo nilivyoisikia ikitetemeka. Mwalimu hakuwahi kusema uongo. Aliwafukuza watu wa soda. Kama alisema imetetemeka, ilitetemeka.

"Labda," nilisema.

Kabula alichukua viatu vyake akaondoka bila kuvivaa. Hakurudi tena. Mimi nilirudi kwenye kiti, na nafasi ya Mombasa akaipata kijana wa Musoma ambaye hakuwa hata mwanafunzi wetu; walimchukua bila karatasi kwa sababu ya haraka. Mama hakuniuliza. Wanawake wa dagaa walimwuliza yeye, nami sijui aliwajibu nini.

Mwezi wenyewe haukuisha. Wiki tatu baadaye kufuli jipya lilikuwa mlangoni, na mlinzi mpya ambaye hakumjua Mwalimu. Tulipewa asubuhi moja tutoe vitu. Tulitoa mikeka, taulo, matofali nane na picha. Mwalimu aliibeba picha mwenyewe chini ya kwapa. Matofali hakujua ayapeleke wapi, akayaacha chini ya dirisha.

Ukumbi uligeuzwa ghala la maboksi ya samaki, na mimi nilipata kibarua humohumo, kupanga maboksi na barafu. Ni kazi ya mabega. Mwanzoni, saa ya kula, nilikwenda barazani nikaigusa ile nguzo. Baadaye bega la kushoto liliharibika kwa kunyanyua vibaya, nikaacha kuigusa. Mwalimu nilisikia yuko, halafu nikasikia haonekani. Sikumtafuta. Nilijiambia sina la kumwambia, na hilo lilikuwa kweli.

Ilipita miaka minne. Siku moja bosi alinituma kivukoni Kamanga nikapokee mzigo wa kamba za kufungia maboksi kutoka ng'ambo. Kulikuwa na foleni ya wanaovuka kwenda Sengerema, na ndani ya foleni nikamwona. Nilimjua kwa masikio. Vingine vyote vilikuwa vimepungua. Alishikwa mkono na mwanamke mnene wa makamo, na macho yake yalikuwa na utando mweupe.

Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko adabu. Alitazama upande wangu bila kunitazama.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akageuza kichwa mara moja. "Marahaba," akasema. Kisha akanyoosha mkono hewani, nikaushika. Akanitaja kwa jina la nyumbani, ambalo sikujua kama alilijua. "Uko wapi siku hizi?"

"Niko palepale ukumbini. Napanga maboksi."

"Palepale."

"Ndiyo."

Watu nyuma yetu walikuwa wanasukuma vikapu kwa miguu. Binti yake akasema, "Baba, foleni inasogea." Hakusogea. Bado alikuwa ameushika mkono wangu, na vidole vyake vilikuwa bado na nguvu, vinaniumiza kidogo.

"Ile siku ya nguzo," alisema. "Sauti yako haikutetemeka."

Nikamwinamia.

"Ilinyooka mwanzo mpaka mwisho. Sijapata kusikia iliyonyooka vile. Uliponiuliza kwangu, ukanikumbusha kile chumba. Nikasema, na huyu naye akienda nitafungua madirisha ya nini? Nikasema abaki mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu, kisha nimpe karatasi. Nilidhani mwezi upo."

Mwanamke mmoja mwenye kuku alikuwa ameacha kusukuma, anasikiliza. Binti yake alitazama chini.

"Nisamehe, mwanangu."

Mzee akikuomba msamaha mbele ya watu, jibu ni moja tu, na kila mtu aliyekuwa kwenye foleni alilijua na alikuwa analisubiri. Kulikuwa na mengine. Nilitaka kumwuliza kama alimfikiria mama akirudi Kirumba na beseni lake kesho yake, kwa wale wanawake wa dagaa. Nilitaka kumwuliza kwa nini aniambie sasa, baada ya miaka minne ya kuamini kwamba kosa lilikuwa kooni mwangu. Yalikuja yote kwa pamoja mpaka kooni.

"Yameisha, Mwalimu," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akauachia mkono wangu. Honi ya kivuko ikalia, watu wakaanza kukimbia. Binti yake alimshika vizuri kiwiko, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Baba, huyu ni nani?"

"Huyu?" alisema kwa sauti kubwa ya ukumbini, kana kwamba pale hapakuwa na mtu mwingine. "Huyu ndiye kijana wangu wa bendera. Wa mwisho kupita."

Mwanamke yule mwenye kuku akanitazama mikono, ambako nadhani alitarajia kuona bendera, akaona magamba ya samaki.